Ati "Ngoja Uzae Kwanza"? Zii!

Wasee, kuna sentensi moja nataka tuizike: "Una mimba? Ngoja uzae kwanza, ndio uje tuone hilo jino."

Nani alianzisha hii story? Binamu yangu, mimba ya miezi mitano, shavu limefura, aliambiwa hivyo na mtu wa mapokezi. Si daktari. Mtu wa mapokezi! Alitazama tumbo, akatoa hukumu. Mdomo haukufunguliwa hata sekunde moja.

Piga hesabu basi. Imebaki miezi minne. Miezi minne na usaha kwenye fizi, halali, kutafuna ni shida. Na huyo mtoto mnayedai kumlinda anakula kupitia nani?

Halafu hakuna mtu anangoja mikono mitupu. Ukifungiwa mlango unaenda chemisti, unaitisha "kitu ya jino", hausemi una mimba, na hakuna anayekuuliza. Unapewa ibuprofen. Kuanzia wiki ya 20, hiyo dawa inaweza kuumiza figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka tumboni. Ama unapewa doxycycline, wakati dawa za familia hiyo zinajulikana kwa kuacha madoa kwenye meno ya mtoto ambaye bado hajazaliwa. Yaani tumemkimbiza mama kutoka kwa kitu salama, tukamsukuma kwa kitu hatari, halafu tunajiita waangalifu. Manze!

Kwa sababu ile ganzi mnaogopa ni lignocaine. Ndiyo hiyo hiyo mkunga hukudunga akikushona baada ya kujifungua. Eksirei ya jino? Miale yake ni kidogo sana, na inaelekezwa kwa shavu, sio kwa tumbo. Kuziba, kutibu mzizi, kung'oa, zote zinafanyika ukiwa na mimba. Mwezi wa nne hadi wa sita ndio rahisi zaidi, kwa sababu kutapika kumepungua na tumbo halijawa kubwa. Lakini jipu halisomi kalenda. Kinachoweza kungoja ni kung'arisha meno ya selfie. Shavu likifura na uwe na homa, ama ushindwe kumeza, hiyo ni hospitali leo, sio Jumatatu.

Naelewa hofu ya madaktari, kwa kweli. Mimba ikiharibika wiki ijayo, familia itasema ni lile jino. Sawa, basi piga simu kliniki anakohudhuria, andika barua, uliza. Kumrudisha mtu nyumbani na maumivu sio tahadhari, ni kukwepa lawama.

Na kliniki za wajawazito pia zisijifiche. Uzito, presha, damu, mkojo, vyote vinapimwa. Binamu yangu ameenda mara tatu na hakuna aliyemwambia "fungua mdomo". Akisema fizi zinatoka damu anaambiwa ni kawaida ya mimba. Ndiyo, homoni hufanya fizi zifure haraka, lakini kitu kuwa cha kawaida hakumaanishi kiachwe bila matibabu.

Kwa hivyo ukiambiwa ungoje, itisha kuonana na daktari mwenyewe. Mwambie una wiki ngapi na unatumia dawa gani. Tumbo likiwa kubwa, omba ulazwe ukiinamia kushoto kidogo ili usipate kizunguzungu. Akikataa kukutibu, aandike sababu kwenye karatasi, aweke sahihi na tarehe. Utashangaa vile kiti kitapatikana haraka.