Ubaguzi Haueleweki kwa Kukariri

Mwanafunzi wa Lamu akiulizwa katika mtihani maana ya ubaguzi wa rangi, atajibu bila kusita. Atataja makaburu wa Afrika Kusini na watumwa wa Marekani, naye atapewa alama zake zote. Lakini mwambie akueleze jinsi ubaguzi ulivyopita katika vichochoro vya mji wake mwenyewe, utamwona ameduwaa. Kwake yeye, hayo ni maradhi ya nchi za watu.

Ndiyo sababu naunga mkono kusoma kwa miradi, kunakohimizwa na mtaala wa umilisi ulioanza kutumika nchini mwaka 2019. Mimi ni mwalimu katika visiwa hivi. Darasa langu nililipa kazi moja: wakusanye maneno tunayotumia kila siku kumsifu au kumtweza mtu, kisha wawaulize wazee na wapekue vitabu wajue yametoka wapi.

Walirudi na mengi. Waliona kwamba uungwana, ambao leo ni adabu njema, hapo kale ulikuwa daraja ya mtu aliyezaliwa huru. Ustaarabu umetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kufuata Uarabu. Ushenzi nao umetokana na jina walilobandikwa watu wa bara. Hata methali yetu isemayo mwacha asili ni mtumwa imeufanya utumwa kuwa tusi, ilhali mtumwa hakujichagulia hali yake. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba ameyatamka maneno hayo tangu utotoni bila kujua kuwa yanampima mtu kwa kuzaliwa kwake.

Kutoka kwenye maneno tuliingia katika historia. Utumwa ulifutwa kisheria katika mwambao huu mwaka 1907, lakini daraja hazikufutika. Serikali ya kikoloni ikazidisha: ikawagawa watu kuwa wenyeji na wasio wenyeji, ikatenga shule za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu na za Waafrika. Ikawa ni faida kwa mtu kuukana Uafrika wake.

Aidha, wanafunzi walikuta mfano wa kujivunia. Mwishoni mwa karne ya 19, Habib Swaleh, mzaliwa wa Ngazija, aliwasomesha huko Langoni watu wa asili ya utumwa, ingawa baadhi ya wakubwa wa mji hawakupendezwa. Leo Riyadha, aliyoiasisi yeye, ni fahari ya Lamu nzima.

Wapo wazazi walionijia wakilalamika kwamba nafukua makaburi. Hofu yao haikosi msingi, kwani katika mji mdogo swali la ukoo laweza kuvunja ujirani. Kwa hiyo mradi wetu una sharti: twachunguza maneno, sheria na majengo, hatuchunguzi nasaba ya mtu. Lakini kunyamaza si dawa. Ikiwa posa bado yaweza kukataliwa kwa sababu ya babu wa babu yake kijana, basi makaburi hayo hayajapata kufunikwa. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

Na ushahidi tunao karibu. Huko Shanga, kisiwani Pate, uchimbaji ulioongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980 ulionyesha misikiti ya miti na udongo ya tangu karne ya 8, katika mji ulioanzishwa na wenyeji, wala si wageni waliokuja na mawe na elimu yao. Utafiti wa chembe za urithi uliochapishwa mwaka 2023, uliohusu mifupa ya kale ikiwemo ya Manda na Faza, ulikuta mchanganyiko wa Waafrika, hasa upande wa akina mama, na Waasia, hasa Waajemi, upande wa akina baba. Basi iko wapi hiyo damu safi ya kuringia?

Nawasihi walimu wenzangu na wakubwa wa elimu: msiwaogope watoto wanaouliza. Aliyeyatafuta majibu kwa mikono yake mwenyewe hatadanganyika upesi na yeyote ajaye kumwambia kwamba mtu fulani, kwa rangi au kwa ukoo, ni bora kuliko mwenziwe.