Mwenye mzigo ndiye anunue mnyororo

Tangu barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba itiwe lami, mizigo inayopita kwetu imebadilika. Zamani ilikuwa chumvi, sabuni na magunia, vitu ambavyo kijana mwenye mgongo imara huvibeba. Siku hizi kuna majenereta, mashine za kusaga na injini nzima za malori, zikivuka kwenda Kaya au Ariwara. Mizigo imekua, kamba ni zile zile.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Darasa langu la kwanza lilikuwa chini ya mti huko Zaire, walikokimbilia wazazi wetu baada ya Amin kuanguka mwaka 1979. Najua jinsi biashara ya mpakani ilivyotuinua sisi tuliorudi mikono mitupu, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na mfanyabiashara anayelipa mamilioni kununua mashine, kisha akawaachia wapakiaji watafute wenyewe cha kuinulia.

Nao watafute nini? Huleta mnyororo wa kuvutia magari yaliyokwama, au waya uliowahi kukatika ukaungwa kwa fundo, ilhali fundo laweza kupunguza nguvu ya waya hata kwa nusu. Shakeli, kile chuma chenye umbo la herufi U, ikipoteza pini yake hutiwa bolti yoyote iliyookotwa karakana. Kijana mmoja niliyemfundisha Koboko hana vidole viwili kwa sababu ya bolti ya namna hiyo. Mwenye jenereta alimpa nauli ya hospitali, akaendelea na safari yake.

Sasa hesabu kidogo, wasomaji wanivumilie. Jenereta la kilo 1,000 likining'inizwa kwa minyororo miwili iliyosimama wima, kila mmoja unabeba kilo 500. Minyororo hiyo ikitanuka hadi kila mmoja uwe na pembe ya nyuzi 45 kutoka usawa wa ardhi, kila mmoja unavutwa kwa takriban kilo 707. Ikilala zaidi, hadi nyuzi 30, kila mmoja unavutwa kwa kilo 1,000 kamili, kana kwamba mwenzake hayupo! Jenereta halikuongezeka hata gramu moja. Ndiyo maana mnyororo mfupi uliotandazwa juu ya mashine pana ni hatari, hata kama jana uliinua mzigo wa uzito ule ule.

Wengine husema, "Mnyororo huu umewahi kubeba tani tatu, tani moja ni nini?" Mnyororo halali wa kuinulia huwa na alama ya uzito unaoruhusiwa, na kwa kawaida uzito huo ni robo tu ya ule unaoweza kuukata. Sehemu iliyobaki ni akiba ya mtikisiko, kutu na uchakavu. Anayeila akiba hiyo kila siku hajui imebaki kiasi gani. Kulabu iliyoanza kufunguka mdomo itupwe, wala isipigwe nyundo irudi. Mnyororo usio na alama ubaki kuvutia magari.

Najua jibu litakalotolewa: vifaa halali ni ghali. Ni kweli, kwa mtu mmoja. Lakini wafanyabiashara wa Arua hushirikiana kukodi lori zima. Washindwe kuchangia mnyororo mmoja, shakeli nne na kulabu mbili? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake. Anayemwita kijana barabarani na kumlipa kwa mzigo mmoja hujiona si mwajiri. Hapo ndipo tunapodanganyana.

Napendekeza kila kituo cha malori, Arua na Koboko, kiwe na seti moja inayotunzwa na mwenyekiti wa wapakiaji, ikodishwe kwa kila mzigo na ada iingizwe katika bei ya kupakia. Mfanyabiashara atakayekataa kulipa ada hiyo, wapakiaji wamwachie mashine yake pale ilipo.