Kikomo cha mikopo ya wanafunzi chapanda China, je, mzigo unahamia kwa nani?

Mji mdogo wa Xintang, ulioko katika wilaya ya Zengcheng mjini Guangzhou, kusini mwa China, unajulikana kwa viwanda vya nguo za jinzi. Wengi wa wanaoshona nguo hizo ni vibarua waliotoka vijijini katika sehemu za Sichuan, Hunan na Guangxi. Mtoto wa familia kama hizo akipata nafasi ya chuo kikuu, suala la kwanza ni ada. Kwa hiyo uamuzi wa serikali ya China wa mwaka 2024 wa kupandisha kikomo cha mkopo wa wanafunzi wa shahada ya kwanza unawagusa moja kwa moja.

Mpango huo ulianza mwaka 1999, na kwa miaka mingi kikomo kilikuwa yuan 6,000 kwa mwaka. Mwaka 2014 kikawa 8,000, mwaka 2021 kikawa 12,000, mwaka 2023 kikawa 16,000, na mwaka 2024 kikafika 20,000. Mwanafunzi akiwa masomoni, riba hulipwa na serikali. Akihitimu, kwa miaka mitano anaweza kulipa riba tu, na muda wote wa mkopo unaweza kufika miaka 22.

Hata hivyo, vyuo binafsi vingi vya Guangdong hutoza zaidi ya yuan 20,000 kwa mwaka. Aidha, mkopo unaotumiwa na wengi huombwa katika wilaya ambako familia imeandikishwa. Kijana aliyekulia Xintang hulazimika kuomba kwao, mbali na wazazi wake wanakofanya kazi.

Nyumbani Afrika Mashariki suala ni hilo hilo. Nchini Kenya, Bodi ya HELB kwa miaka mingi ilikuwa na kikomo cha shilingi elfu 60 kwa mwaka, kabla ya utaratibu wa mwaka 2023 kuwagawa wanafunzi kwa makundi kulingana na uwezo wa familia. Nchini Tanzania, Bodi ya Mikopo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 huhesabu fedha za chakula na malazi kwa siku, na katika miaka ya karibuni kiwango hicho kimepanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000.

Sisi tunaona kuwa kupandisha kikomo ni nusu tu ya kazi. Masharti ya kulipa yasipolegezwa, mzigo hutoka begani kwa mzazi ukatua begani kwa kijana. Tanzania ililionja jambo hilo mwaka 2016, makato ya mshahara yalipopanda kutoka asilimia 8 hadi 15. Nafuu ilikuja mwaka 2021, tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilipofutwa.

Kila upande una la kujifunza. China inampa mhitimu muda wa kupumua, lakini deni lake halifuati kipato. Mwaka 2022, wakati wa korona, ilibidi serikali isamehe riba ya mwaka huo kwa waliokwisha hitimu. Makato ya Tanzania hufuata mshahara, lakini asilimia 15 ni nyingi kwa mwalimu anayeanza kazi.

Serikali ikitangaza kikomo kipya, wazazi wafurahi, lakini waulize pia: riba atalipa nani, na mtoto atakatwa kiasi gani kila mwezi?