Nani Kaliwekea Ziwa Geti?

Jumatatu nilimwambia mhariri wangu kwamba nina habari. Akaniuliza, "Nani kafa?" Nikamjibu hajafa mtu. "Nani kala hela?" Nikasema hilo silijui. Akarudi kwenye kompyuta yake. Basi ndugu msomaji, habari iliyokosa maiti na kukosa fisadi nimeamua kuileta hapa.

Habari yenyewe ni hii: ziwa linafungwa. Hakuna tangazo la serikali wala mkutano wa waandishi. Linafungwa ukuta kwa ukuta, geti kwa geti, huku sisi tukipita barabarani ndani ya daladala tukidhani bado lipo palepale.

Nilijuaje? Kwa baiskeli.

Nina Phoenix nyeusi niliyoachiwa na babu yangu. Ina keria ya nyuma iliyobeba magunia ya pamba kabla mimi sijazaliwa. Pale ofisini wananitania kwamba mtu mwenye digrii hapandi baiskeli labda kama amefukuzwa kazi. Nawaacha wacheke. Jumamosi iliyopita nilitoka Kirumba kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, nikapita katikati ya jiji wakati machinga wa Makoroboi hawajatandika bidhaa zao, nikashika Barabara ya Kenyatta kuelekea kusini. Igogo, Mkuyuni, Butimba. Mpaka hapo huwezi kuita matembezi. Ni kunusurika tu. Daladala inakupigia honi utoke barabarani, ukitoka unakuta mtaro, ukirudi unakuta bodaboda amebakiza kidole kimoja akugonge. Mstari wa kukulinda haupo.

Ukifika Nyegezi Kona ukakata kulia kwenda Malimbe, mambo yanaanza kubadilika. Njia hii naijua kwa sababu nilisoma pale Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Ukikipita chuo, ukaendelea kuelekea Luchelele, kelele zinabaki nyuma moja moja: kwanza honi, halafu muziki wa baa, mwisho injini. Unabaki na mnyororo wako unaolia kwa kukosa mafuta.

Jamani, mmewahi kukaa juu ya jiwe kule asubuhi? Mawe makubwa yamepandana kama yamepangwa na mtu. Juu yake mijusi, dume lina kichwa chekundu na mwili wa buluu. Mjusi huyo wanasayansi wamempa jina la mji wetu, Agama mwanzae, na sisi wenyewe wengi hatujui. Mnandi amesimama kwenye jabali ndani ya maji, amefungua mbawa zake anazikausha. Furukombe analia juu. Mbele yako ni Ghuba ya Mwanza, na ng'ambo ni upande wa Sengerema. Wavuvi wa dagaa walikuwa wamerudi na taa zao, wanawake wanaanika dagaa. Nilinunua chai na maandazi kwa mama mmoja, nikakaa saa mbili nzima. Sikuoga, kwa sababu kichocho ni kichocho hata mahali pakiwa pazuri namna gani. Nilikaa tu. Wiki nzima nilikuwa nimeandika ajali, mahakama na ajali tena. Siku hiyo nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata kwa muda mrefu.

Mpaka hapo utasema, sasa ugomvi uko wapi?

Ugomvi ulianza wakati wa kurudi. Niliamua nisirudi na barabara kubwa, nifuate ukingo wa ziwa kwa njia ya miguu tuliyokuwa tukiipita enzi za uanafunzi. Sikufika mbali. Nikakuta mabati yameshuka mpaka kwenye maji. Nikazunguka. Nikakuta ukuta wa matofali wenye chupa zilizovunjwa juu. Nikazunguka tena, nikatokea kwenye geti la mahali pa starehe ambapo sitapataja jina. Mlinzi, kijana wa rika langu, akanisimamisha.

"Kaka, baiskeli haziingii. Magari tu."

"Nikiiacha hapa nikaingia kwa miguu?"

"Kiingilio elfu tano. Na ukae umeagiza kitu."

Nikamwambia sitaki kitu, nataka kupita ukingoni niende zangu. Akacheka, si kwa dharau. Akaniambia yeye amezaliwa nyuma ya mlima ule pale, na kuogelea alijifunza hapohapo ndani ya geti, kabla halijawa geti. Nikamuuliza watoto wake wanaogelea wapi. Akasema bado hajawaleta. Halafu kukaja gari, akakimbia kulifungulia.

Ndugu zanguni, mtu anayelinda geti ni mtoto wa pale, na watoto wake wako nje ya geti analolilinda. Nani alikubaliana na jambo hili? Kikao gani?

Twende kwenye sheria, maana wengine hawasikii mpaka usome kifungu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto, zile za kudumu au zinazoweza kuhatarisha hifadhi ya ukingo huo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inasema maji ya nchi hii ni mali ya umma, Rais ameyashika kama mdhamini tu. Mita 60 si ndogo. Ni zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Mimi nilipita na Phoenix nikatafuta mita mbili za kuburuzia baiskeli, nikazikosa.

Najua majibu yatakuwaje, nimeshayasikia pale ofisini.

La kwanza: "Wewe unapinga uwekezaji na ajira." Sipingi. Hoteli zijengwe, vijana wapate kazi, na siku nikipata posho nitakwenda kula sato huko. Ninachouliza ni kwa nini hoteli haiwezi kukaa nyuma ya mita 60 ikaacha njia ya mguu mbele yake. Mteja wake atakufa akimwona mvuvi anapita?

La pili: "Si kuna Saanane?" Ipo, na naipenda. Ilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Lakini Saanane ni kisiwa. Unalipa kiingilio, unapanda boti, baiskeli yako inabaki nchi kavu. Hifadhi ni sehemu ya kutembelea mara moja moja. Mji wenye watu wengi namna hii unahitaji pia mahali pa kwenda Jumamosi yoyote ukiwa huna kitu mfukoni.

La tatu ndilo linaloniudhi: "Hayo mambo ya kukaa ziwani kuangalia ndege ni ya Wazungu." Babu yangu hakuwa Mzungu. Kila alipotoka kuuza pamba alisimamisha baiskeli hii hii karibu na maji, akakaa, akavuta kiko chake, ndipo akaondoka. Nani alitufundisha kwamba mtu mweusi akipumzika lazima kuwe na spika na kreti? Ziwa hili lina kilometa za mraba kama 68,800, na karibu nusu yake iko Tanzania. Tumezaliwa pembeni yake halafu tunalitazama kupitia geti la mtu.

Na hili la baiskeli nalo tuliseme. Hata neno bodaboda lilizaliwa kwenye baiskeli, kule mpakani mwa Kenya na Uganda, kabla pikipiki hazijalichukua. Shinyanga hapo, watu wamesafirishwa kwa baiskeli miaka na miaka. Usukumani mwanamume alihesabiwa ana mali akiwa nayo. Leo msomi akiipanda anaonekana amefilisika, na mhandisi akichora barabara anamsahau kabisa anayeipanda. Dar es Salaam angalau, kwenye Barabara ya Morogoro ya mabasi ya mwendokasi yaliyoanza kazi mwaka 2016, walikumbuka kuchora njia ya baiskeli, ingawa pikipiki nazo zinajipitia humo. Sisi Mwanza hata ya kuvamiwa hatuna.

Kwa hiyo siombi makubwa. Naomba matatu. Mosi, halmashauri za Nyamagana na Ilemela zipime ukingo wa ziwa na kutuambia wazi mita 60 zimebaki wapi na wapi zimeliwa. Pili, kila mtaa unaopakana na ziwa uwe na njia moja ya umma inayofika majini, yenye kibao, isiyo na mlinzi. Tatu, siku Barabara ya Kenyatta itakapochorwa upya mpaka Nyegezi, wachore na mstari wa baiskeli. Na sheria ikianza kutekelezwa, isianze na mama wa maandazi na mwenye bustani ya mchicha. Ianze na ukuta wenye chupa juu.

Jumamosi ijayo natoka tena, saa ile ile. Nitapitia pale getini nimwulize yule kijana jina la mtoto wake mkubwa. Kama ana nafasi, nitamchukua kwenye keria, twende Luchelele akaone alikojifunzia baba yake kulipenda ziwa. Kule bado hakuna geti. Nilisema bado.

Mhariri wangu, kama unasoma hapa, ulitaka kujua nani kala. Anza na mita 60.