Mgonjwa aumiapo kiwiko, daktari atazame wapi?

Waombe Wakenya kumi walioketi pamoja waguse kiwiko. Wengi watashika pale mkono unapokunjika katikati, kwa kuwa ndivyo walivyofunzwa shuleni. Mmoja au wawili, hasa wakiwa wamelelewa na nyanya wa Pwani, watashika pale saa inapovaliwa. Na huenda akatokea mwingine atakayeinama na kuushika mguu wake juu kidogo ya kisigino. Ajabu ni kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyekosea. Zipange kamusi zetu mezani, za zamani na za sasa, nawe utaona kwamba baina yake zimewapa haki wote.

Kwetu sisi tulioajiriwa kuchambua lugha, hili ni jambo la kufurahisha. Neno limehama kutoka kiungo kimoja hadi kingine bila kuacha makao yake ya awali, na hapo tumepata mada ya mhadhara mzima. Lakini kwa mtu aliyeanguka na kuumia, akafika zahanati akasema, "Kiwiko kimevimba," hakuna cha kufurahisha. Muuguzi anayemsikiliza anaandika kwa Kiingereza, lugha aliyosomea kazi yake. Katika nukta ile ya kuandika hana budi kuamua: ni kisugudi au ni kilimbili? Akiamua visivyo, itapigwa picha ya eksrei ya mahali pazima, na mgonjwa atarudi nyumbani na vidonge vya maumivu.

Nitaeleza kwa nini makosa kama hayo yana gharama. Kutoka kilimbili hadi ncha za vidole, kila upande wa mwili wetu una mifupa 27. Kumi na minne ni ya vidole: miwili ya gumba, na mitatu mitatu ya kila kimoja cha vile vinne vingine. Mitano ni ya kiganja. Minane iliyosalia, midogo kama kokoto, imejipanga safu mbili katika kilimbili chenyewe. Mtu ajikwaapo, au atupwapo na bodaboda, hunyosha mkono mbele kujikinga bila hata kufikiri. Uzito wote wa mwili hutua juu ya kiganja, na katika ile minane, ulio upande wa gumba ndio huvunjika mara nyingi kuliko wenzake wote.

Mfupa huu una hila. Damu yake nyingi huingia kupitia upande ulio karibu na vidole, kisha hurudi nyuma kuelekea kigasha. Ukivunjika katikati, kipande cha nyuma huweza kukatiwa riziki yake, kikafa kikiwa mle mle ndani ya mkono. Tena ufa wake waweza usionekane kabisa katika picha ya siku ya kwanza; ndiyo maana matabibu waangalifu humfunga mgonjwa plasta au kishikizo, wakampiga picha nyingine baada ya siku kumi hadi kumi na nne. Aliyeambiwa kwamba ameteguka tu, akakandwa kwa maji moto na kurudi shambani, aweza kugundua baada ya miezi kadhaa kwamba hawezi kukamua nguo wala kusukuma mlango bila maumivu.

Dalili ya kuutambua si ngumu. Inua gumba lako juu kwa nguvu. Chini yake, upande wa nyuma wa mkono, utaona kibonde kidogo kati ya kano zilizosimama. Wanusaji ugoro wa Ulaya walikuwa wakiumimina humo kabla ya kuuvuta puani, na mpaka leo wanatibabu wa huko hukiita kijaluba cha ugoro. Mtu aliyeanguka akiumia anapobonyezwa hapo, mfupa ule hushukiwa kuwa umevunjika hata kama picha inasema mengine.

Jina hilo la kijaluba lanifikisha kwenye hoja yangu. Tumezoeshwa kuamini kwamba majina ya kitibabu ni ya kiajabu, yamo katika Kilatini na Kigiriki, na kwamba Kiswahili hakiyawezi. Basi tuyafungue tuone yaliyomo. Mfupa niliokuwa nikiusimulia jina lake ni skafoidi, nalo latokana na neno la Kigiriki la chombo cha majini: mashua. Jirani yake anaitwa mwezi, kwa kuwa ana umbo la mwezi mwandamo. Anayefuata ni wa pembe tatu. Yule mdogo unaoweza kumpapasa chini ya kiganja, upande wa kidole cha mwisho, ni punje ya njegere. Katika safu ya mbele, mmoja ameitwa kichwa, mwingine ndoano, na wawili wamepewa jina la meza. Hayo ndiyo majina manane tuliyokuwa tukiyaogopa. Walioyatunga waliitazama mifupa, wakataja vitu vilivyowazunguka nyumbani na bandarini. Sioni ni kipi kinachomzuia Mswahili, ambaye ameishi na mashua, mwezi na ndoano miaka yote hii, kusema mfupa-dau au mfupa-ndoano.

Na kama kuna watu wasiostahili kuuona mkono kuwa jambo la kigeni, ni sisi. Mwaka 1964 Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, pamoja na Phillip Tobias na John Napier, walitangaza aina mpya ya binadamu wa kale kutokana na mabaki yaliyopatikana Olduvai nchini Tanzania, yakiwamo mifupa ya mkono. Waliita Homo habilis, yaani mtu mwenye mikono stadi. Sisi tungesema fundi. Huku kwetu, magharibi mwa Ziwa Turkana mahali paitwapo Kaitio, ulipatikana mfupa wa kiganja wenye umri wa miaka takribani milioni 1.4. Ni ule wa kidole cha kati, na chini yake una kijipembe kinachoufungamanisha na kilimbili ili mkono uhimili kani kubwa zaidi. Sokwe hawana kijipembe hicho. Wewe unacho.

Kuna watakaosema tatizo limo katika neno mkono lenyewe, kwa kuwa linabeba kila kitu kutoka begani hadi kuchani, na zaidi ya hapo hata sehemu ya shati. Siafiki. Mtaalamu Cecil Brown alipolinganisha lugha 617 za dunia, aliona kwamba 228 kati yake hutumia neno moja kwa mkono mzima na kwa sehemu ya kushikia. Kiswahili hakiko peke yake katika hilo. Majirani zetu Wajaluo hutenganisha: bat ni mkono wa juu, lwedo ni ule wa kushikia. Brown aliona pia kwamba lugha zenye neno moja hupatikana zaidi karibu na ikweta, akafikiri kwamba pengine mavazi ya baridi, yenye mikono mirefu na glavu, ndiyo yaliyowafanya watu wa kaskazini waone mpaka pale tusipouona sisi. Ni dhana ya kupendeza, japo nasubiri mtu anieleze Wajaluo walivaa glavu lini.

Isitoshe, ndani ya huo mkono mmoja, Kiswahili kiligawanya kwa makini kuliko lugha nyingi. Tuna kigasha, kisugudi, kilimbili, kiganja, pingili za vidole. Tuna vipimo vilivyotumiwa na mafundi na wauza nguo kabla ya rula kuingia: wanda, ambao ni upana wa kidole, futuri, kutoka gumba hadi kidole cha shahada, shibiri, kutoka gumba hadi kidole cha mwisho, dhiraa, kutoka kisugudi hadi ncha za vidole, na mkono konde, unaoishia kwenye ngumi iliyofumbwa. Tazama pia vitenzi. Mwaka 1956 Napier, yule yule wa Olduvai, aliandika kwamba mishiko ya mkono ni ya namna mbili kuu, wa nguvu na wa ustadi. Mama yangu, ambaye hakuwahi kumsikia Napier, alijua kwamba mpini hukamatwa na chumvi hufinywa, mbegu hufikichwa na uzi husokotwa, ng'ombe hukamwa na unga hukandwa. Na aliyesema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa alikuwa amekwisha kuelewa kazi ya gumba kulikabili vidole vingine.

Maneno hayo yote bado yapo. Msiba ni kwamba tumeyafungia katika chumba cha mtihani. Mwanafunzi wa darasa la sita hukariri kilimbili na kigasha kama anavyokariri majina ya makundi ya wanyama, akapata alama yake, na asiyasikie tena maishani: si zahanati, si redioni, si katika karatasi za huduma ya kwanza zinazobandikwa viwandani. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Kazi kama hiyo ilipaswa kuwa juu ya meza ya kila chuo cha wauguzi Afrika Mashariki. Sijaiona katika chuo chochote nilichoalikwa nchini humu.

Lipo neno jingine linalonitia hofu kuliko hata kiwiko, nalo ni mshipa. Kwetu sote mshipa ni njia ya damu, na mshipa ni kile kinachopeleka hisia, na mshipa pia ni ile kamba nyeupe inayokunja kidole. Sasa fikiria mtu aliyekatwa na panga au kioo upande wa ndani wa kilimbili. Hapo, katika nafasi ndogo, hupita vyote vitatu. Misuli mikubwa inayokunja vidole haimo vidolani. Imo katika kigasha, nayo huvuta kwa kano. Tisa kati ya kano hizo hupita pamoja na neva moja ndani ya mfereji mwembamba ulioezekwa kwa utando mgumu juu ya ile mifupa minane. Ukikatika ukano, kidole hakikunjiki. Ikikatika neva hiyo, gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kile cha pete hupoteza hisia. Ikikatika ateri, damu huruka. Jeraha laweza kushonwa juu juu likafunga vizuri, huku ukano au neva ikiwa bado imekatika chini yake. Jamaa wa mgonjwa akiulizwa alichoambiwa, atajibu tu: "Alikatika mshipa." Nani atajua ni upi?

Rafiki zangu matabibu huniambia kwamba wao wanaelewana kwa Kiingereza, na hiyo yatosha. Kati yao wenyewe, yatosha. Lakini mgonjwa hakusomea udaktari, na mazungumzo yanayoamua apigwe picha ya wapi hufanyika katika Kiswahili, mlangoni, kwa dakika mbili au tatu. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Haikusema rasmi isipokuwa hospitalini.

Ninachopendekeza hakihitaji tume wala bajeti kubwa. Neno kiwiko lipumzishwe katika shughuli za tiba, hata kama mimi mwenyewe nalipenda. Palipo katikati ya mkono pasemwe kisugudi. Pa saa pasemwe kilimbili. Pa mguuni pasemwe kifundo cha mguu. Ukano uitwe ukano, neva iitwe neva, na mshipa ubaki na damu. Wachapishaji wa vitabu vya shule watumie majina hayo hayo katika vitabu vya sayansi na vya Kiswahili, maana kwa sasa walimu wa masomo haya mawili huuchora mkono mmoja kana kwamba ni ya viumbe tofauti. Na hadi hapo, anayepiga simu kuomba msaada kwa aliyeanguka aseme "pale saa inapovaliwa". Ni maneno matatu badala ya moja, lakini yataeleweka Lamu na yataeleweka Kitale.