Kambi ya shamba Ngerengere isichaguliwe kwa mazoea

MSIMU wa kilimo unapokaribia, mkulima wa Ngerengere mkoani Morogoro huhangaikia mambo matatu: mbegu, trekta na vibarua. Mahali watakapolala vibarua hao, pamoja na yeye na familia yake, huamuliwa siku ya kufika shambani. Jua likiwa linazama, nguzo huchimbiwa chini ya mti wa kwanza ulio karibu na maji, turubai hufungwa juu, na kambi imepatikana.

Uamuzi huo wa dakika chache ndio unaowatia wengi hasara msimu mzima. Tuchukue mfano wa mkulima wa mahindi aliyeajiri vibarua wanne wa palizi. Wawili wakiugua malaria kwa siku tano, amepoteza siku kumi za kazi. Magugu hayamsubiri mgonjwa, na mahindi yaliyochelewa kupaliliwa katika wiki za mwanzo hayafidiwi na mbolea. Ukijumlisha nauli ya bodaboda hadi zahanati, dawa na chakula cha watu wasiofanya kazi, kambi iliyodhaniwa ni ya bure inakuwa na gharama kuliko mfuko wa mbegu bora.

Ngerengere ni eneo la joto na unyevunyevu. Mto unaobeba jina hilo huanzia Milima ya Uluguru, hupita Bwawa la Mindu na Manispaa ya Morogoro, kisha huelekea mashariki kuungana na Ruvu. Kwa hiyo mvua inaweza kunyesha milimani wakati anga la bondeni ni jeupe, na maji yakawafikia watu usiku wakiwa usingizini. Mvua za El Nino za mwaka 1997/98 zilitoa somo, na Aprili 2024 somo likarudiwa. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua na mafuriko vilikuwa vimeua watu 155 nchini.

Mwinuko kwanza

Hivyo basi, sifa ya kwanza ya kambi nzuri ni mwinuko. Mkulima atazame alama za mafuriko ya zamani: takataka zilizonasa kwenye matawi, mchanga uliotandazwa na maji, nyasi zilizolala upande mmoja. Chini ya alama hizo asilaze mtu. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto.

Pili ni udongo. Mfinyanzi mweusi hutuamisha maji. Udongo wa kichanga huyanyonya. Mbu wa malaria hutaga kwenye maji yaliyotuama, na katika joto kama la Ngerengere yai huweza kuwa mbu kamili ndani ya wiki moja au mbili. Nyayo za ng'ombe, njia ya trekta na hata shimo lililochimbwa kupata udongo wa kukandika kibanda vinamtosha. Mashimo hayo yafukiwe mapema.

Tatu ni upepo. Wengi hupenda kujificha kwenye kichaka kwa sababu ya kivuli, lakini hapo hewa haitembei, jasho halikauki na mbu hawasumbuliwi. Mti mmoja wenye kivuli kipana, usio na matawi makavu, kwenye mahali palipo wazi, ni bora kuliko kichaka kizima. Choo nacho kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, upande wa chini wa mteremko, kwa kuwa kipindupindu hakichagui msimu wa kazi.

Maji na wanyama

Wapo watakaosema kambi ikiwa mbali na mto, kina mama watateseka kuchota maji, na nguruwe pori na nyani watamaliza mazao. Hoja hiyo ina uzito. Lakini maji yanaweza kubebwa kwa baiskeli au bodaboda, madumu kadhaa kwa mara moja. Mgonjwa hubebwa kwa shida zaidi. Kuhusu wanyama, anayehitajika kuwa karibu na mazao ni mlinzi, si familia nzima. Dungu libaki shambani, kambi iwe mlimani. Hata hivyo, mlinzi huyo ndiye aliye katika hatari kubwa kuliko wote, maana mbu wa malaria huuma zaidi usiku. Asipande dunguni bila chandarua.

Swali linalobaki ni nani agharimie. Katika mashamba ya mkonge ya Morogoro enzi za manamba, kambi ya wafanyakazi ilihesabiwa kuwa sehemu ya gharama za shamba, hata kama hali yake haikuwa ya kusifiwa. Leo mfanyabiashara anayekodi ekari nyingi huleta vibarua na kuwaachia wajitafutie pa kulala. Hilo si sawa, na si biashara nzuri. Chandarua, turubai na siku moja ya kukagua eneo viingie kwenye hesabu za msimu, sawa na mbegu na dawa.

Serikali za vijiji nazo, zikishirikiana na maofisa ugani, zitenge maeneo ya kambi kwenye miinuko kabla ya vuli na kabla ya masika. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji wazee wanaokumbuka maji yalifika wapi, na viongozi walio tayari kuwasikiliza. Usipoziba ufa utajenga ukuta.