Mbwa Mwopoaji na Joto: Hamu Si Kipimo

Katika Ghuba ya Chesapeake, mashariki mwa Marekani, bata huwindwa wakati wa baridi. Lakini mbwa wa kuwaopoa bata wanaoanguka majini huandaliwa mapema, katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, wakati joto la hewa huweza kupita nyuzi 30 za sentigredi. Mkufunzi hutupa boya dogo majini. Mbwa huogelea, hulishika kwa meno bila kulitafuna, kisha humrudishia mkononi. Wakufunzi wengi hupendelea zoezi hili katika miezi hiyo kwa kuwa maji humpoza mnyama. Rai hiyo ni ya kweli, lakini ni nusu tu ya ukweli, na nusu iliyosahauliwa yaweza kumwua mbwa.

Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kama nyuzi 38 hadi 39. Likipita 41, uhai wake umo hatarini. Binadamu hupoa kwa jasho la mwili mzima, lakini tezi za jasho za mbwa zenye kazi hiyo ni chache, nazo zimo hasa katika nyayo. Tegemeo lake kubwa ni kutweta: hewa hupita juu ya ulimi na njia za pua zilizolowa, unyevu huvukizwa, na kila gramu ya maji inayovukizwa huchukua joto la joule 2,400 hivi. Hewa ikijaa unyevu, mvukizo hupungua. Mkazi wa Mombasa au Dar es Salaam, ambaye nguo zake hukawia kukauka siku ya fukuto, anaielewa kanuni hii vyema.

Maji hufungua njia nyingine, kwa kuwa hupitisha joto mara 20 na zaidi kuliko hewa. Hata hivyo, joto hutoka penye moto kwenda penye baridi. Kidimbwi kifupi kilichoanikwa juani hukaribia joto la mwili, na hapo mbwa aogeleaye huzalisha joto kwa misuli yake pasipo pa kulipeleka. Tena, arukaye majini mara kwa mara akiwa amefumbua kinywa humeza maji mengi. Sodiamu ya damu hupungua, ubongo huvimba, na mnyama huweza kufa. Maji yaliyotuama, yenye joto na mbolea iliyosombwa kutoka mashambani, huweza pia kustawisha bakteria wa kijani-buluu, ambao baadhi yao hutoa sumu ya ini na ya neva.

Wapo wasemao kwamba mbwa mwenyewe ataonyesha amechoka. Hoja hii haisimami. Mbwa wa Chesapeake, ambao asili yao hutajwa kuwa mbwa wawili waliookolewa katika jahazi lililovunjika pwani ya Maryland mwaka 1807, wamechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa sifa ya kutokata tamaa. Binadamu ndiye aliyemwondolea mnyama huyu breki. Basi hapana budi binadamu awe breki yake. Hamu ya mbwa si kipimo cha afya yake.

Kwa hiyo mazoezi na yawe mafupi, asubuhi au jioni, katika maji safi yenye mwendo, na mapumziko kivulini kati ya zoezi na zoezi. Wala mtoto wa mbwa asitupwe majini kwa nguvu. Tangu mwaka 1898, Edward Thorndike alipochapisha majaribio yake ya paka waliofungiwa sandukuni, imejulikana kuwa tendo linalofuatwa na faraja hurudiwa. Atupwaye majini hujifunza kuogopa maji. Aanzaye penye kina kifupi, akatuzwa papo hapo, hujifunza kuyapenda.

Hiari hiyo ina faida hata katika tiba. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa mbwa waliofundishwa kuchovya kichwa majini kwa hiari baada ya zoezi walipoa vizuri kuliko waliofungwa taulo lenye maji shingoni. Jambo hilo haliwezekani kwa kumlazimisha mbwa anayetweta, kwani atayavuta maji mapafuni.

Mwalimu wa sayansi anaweza kuionyesha kanuni hii darasani kwa vipimajoto viwili, kimoja kikiwa kimeviringishwa kitambaa kilicholowa, na kipepeo cha mkono. Wanafunzi wakiisha kuona tofauti ya vipimo, na waulizwe: mnyama asiyeweza kusema na asiyetaka kuacha kazi, ni nani mwenye wajibu wa kumsomea kipimajoto chake?